Kufungasha nyumba ya magurudumu: uache vitu mahali pake, uvishushe sakafuni au uvitoe vyote?

Nyumba ndogo ya magurudumu ikikaa mahali pamoja mwaka mzima, ni rahisi kusahau kwamba chini yake kuna trela. Vitabu vinaongezeka, sufuria la chuma linapata msumari wake ukutani, darini panajaa masanduku, na siku ya kuhama ikikaribia mwenye nyumba anasimama mlangoni hajui aanzie wapi. Wengi huanzia kwenye vikombe. Ushauri wangu ni kuanzia kwenye mizani ya magari, kwa sababu nitakazozieleza hivi punde.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuacha vitu mahali pake na kuvibana visicheze. Ya pili ni kushusha kila kilichoko juu, kukitia kwenye maboksi na kuyapanga sakafuni ndani ya nyumba hiyohiyo. Ya tatu ni kutoa vyote na kuvipakia kwenye gari lingine, nyumba ivutwe tupu. Nimeona watu wakibishana kana kwamba moja ni ya wajuzi na nyingine ni za wazembe. Zote tatu hutumiwa na watu makini. Wanachotofautiana ni trela walizonazo, barabara watakazopita na safari wanazotarajia baadaye.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza ni uzito, na hapa nitakaa zaidi kuliko kwingine, kwa kuwa ndicho kinachoweza kukufutia njia mbili kati ya tatu kabla hujatafuta boksi hata moja. Kila trela ina uzito wa juu unaoruhusiwa, umeandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji. Uzito huo unahesabu trela yenyewe, kuta, paa, jiko na kila kijiko kilichomo. Ulaya, trela za kuvutwa na magari ya kawaida hukomea kilo 3,500, na nyumba iliyojengwa kwa mbao nzito inaweza kuukaribia ukomo huo kabla hujaingiza hata kiti. Marekani, ekseli, yaani mhimili unaoshika magurudumu, inayotumika sana kwenye trela za nyumba hizi ni ile inayobeba pauni 7,000, yaani kama kilo 3,175. Ekseli mbili zinakupa takriban kilo 6,350, tatu zinavuka 9,500. Mwenye nafasi ya namna hiyo hana haja ya kuhesabu vitabu. Aliyebakiwa na kilo 80 lazima avihesabu, maana boksi moja la lita 30 lililojaa vitabu hufika kilo 15 hadi 20.

Halafu kuna swali la uzito uko wapi. Trela iliyolemewa nyuma huanza kuyumba kushoto na kulia mwendo unapoongezeka, na ikishakolea, dereva hana tena uamuzi mkubwa juu ya gari lake. Kinachoituliza ni uzito unaoangukia mkono wa trela, ile sehemu ya mbele inayoshikana na gari. Amerika Kaskazini wanashauri asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Ulaya kiwango huwa chini zaidi, mara nyingi kati ya asilimia 4 na 7. Wewe fuata maelezo ya mtengenezaji wa trela yako, wala usivuke kile ambacho ndoano ya gari linalovuta inaruhusiwa kubeba.

Kuupima uzito huo hakuhitaji fundi. Pima trela ikiwa peke yake, yote ikiwa juu ya mizani. Kisha ishikize kwenye gari, uache magurudumu ya trela juu ya mizani na ya gari nje. Ukitoa namba ya pili kwenye ya kwanza, kinachobaki ndicho kinachobebwa na gari. Trela ikisoma kilo 5,200 peke yake na 4,600 ikiwa imeshikizwa, mkono una kilo 600, yaani karibu asilimia 11.5.

Jambo la mwisho kuhusu uzito ni kimo chake. Nyumba hizi ni nyembamba na ndefu kwenda juu, kwa sababu sheria za barabara katika nchi nyingi zinabana upana kwenye mita 2.5 au 2.6 hivi. Upepo wa ubavuni na kona kali huzitikisa, na kila kilo iliyoko juu huongeza mtikisiko huo. Kwa hiyo nasema mapema kabisa: njia yoyote utakayochagua, dari ya kulala isafiri tupu, labda godoro tu.

Vigezo vinne vilivyobaki ni vyepesi kueleza: hatari ya vitu kuvunjika, kazi na muda, gharama, na hali ya nyumba siku utakapofika. Hilo la kazi lihesabu pande zote mbili, maana aliyefunga boksi ndiye atakayelifungua.

Kazi isiyokwepeka kwa njia yoyote

Kabla ya kulinganisha, kuna mambo ambayo hayabadiliki. Mwaga maji yote: tangi la maji safi, la maji machafu, chombo cha kupashia maji moto na mabomba. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 150 ni kilo 150, na likiwa nusu ni baya zaidi kwa sababu maji hukimbilia mbele kila unapokanyaga breki. Choo cha mboji kimwagwe pia. Hilo halihitaji maelezo.

Gesi ifungwe kwenye mtungi wenyewe, si kwenye jiko tu, na mtungi usimame wima, umefungwa kwa mkanda. Umeme ukatwe na waya ukunjwe. Betri na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani, zizimwe na zibanwe zisisogee. Jiko la kuni liondolewe majivu yaliyopoa kabisa, na kipande cha bomba la moshi kinachotokeza juu ya paa kifunguliwe, kisha tundu lizibwe mvua isiingie. Hapo ndipo upime kimo cha nyumba kutoka ardhini, si kutoka sakafuni mwake. Sehemu kubwa ya Ulaya ukomo ni mita 4, na majimbo mengi ya Marekani yanaruhusu kati ya mita 4.1 na 4.3.

Mashine ya kufulia irudishiwe boliti zake za usafirishaji, zile zinazoshika pipa la ndani lisirukeruke. Kama umezitupa, tafuta nyingine za muundo huohuo. Friji iyeyushwe barafu, ikaushwe, mlango ufungwe kwa mkanda. Milango ya kuteleza ndiyo husahaulika zaidi: sumaku yake ndogo haishindani na breki, kwa hiyo itie komeo au uibane kwa kipande cha ubao. Madirisha yafungwe na kutiwa vishikizo.

Nje, ondoa ngazi, sketi za kuzuia upepo na vigingi, halafu ushushe nyumba polepole kutoka kwenye stendi hadi uzito urudi kwenye magurudumu. Tairi zilizosimama miaka huzeeka hata kama kashata zake bado ni nzima. Tairi zenye alama ya DOT, ya wizara ya usafiri ya Marekani, huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa kwa tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jaza upepo kwa kiwango cha trela, kaza nati kwa kipimo kilichoelekezwa na uzikague tena baada ya kilomita 80 hivi, hasa kama gurudumu lilikuwa limefunguliwa. Jaribu taa, breki za trela, na ile swichi inayofunga breki trela ikichomoka. Minyororo ya usalama ipishane chini ya mkono. Na asisafiri mtu ndani, wala paka.

Njia ya kwanza: kuacha vitu mahali pake na kuvibana

*Uzito na mlingano.* Nyumba inasafiri na kila kilichomo, kwa hiyo ndiyo njia nzito kuliko zote, na vitu vinabaki pale ulipoviweka kwa sababu za jikoni, si za barabarani. Jiko zito likiwa upande wa nyuma ya ekseli, kabati la nafaka na mitungi ya vioo juu yake huongeza kasoro iliyokuwapo. Faida yake ni kwamba ukishapima mara moja na kukuta namba zimekaa vizuri, zitakaa vizuri safari ijayo pia, mradi hujaongeza samani.

*Kuvunjika.* Hapa njia hii ina sifa mbaya isiyoistahili. Kabati lililojengwa kwa ajili ya safari, lenye komeo kila mlango, ukingo mbele ya kila rafu na droo zinazojifunga, hulinda vyombo vizuri sana. Tatizo ni kabati la kawaida la nyumbani lililofungwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi asubuhi ya safari. Utepe huo huzuia mlango kufunguka wenyewe. Hauzuii sahani kumi zilizoegemea mlango huo. Jaza nafasi kwa taulo na nguo hadi ukitikisa kabati usisikie kitu. Vioo vya ukutani viteremshwe hata kwa njia hii.

*Kazi na muda.* Kwa aliyejiandaa tangu siku za ujenzi, asubuhi moja inatosha. Kwa asiyejiandaa, kutafuta vishikizo na kutoboa matundu kunaweza kula muda kuliko kufunga maboksi.

*Gharama.* Kubwa hulipwa mara moja, kwenye makomeo na mikanda. Baada ya hapo unalipia mafuta ya kuvuta uzito wa ziada. Ukikodi mtu wa kuvuta, muulize kwanza: wengine hukataa nyumba yenye vitu visivyokuwa kwenye maboksi, na bima ya chombo kinachovutwa haimaanishi lazima vilivyomo vimekatiwa bima. Pata jibu kwa maandishi.

*Ukifika.* Unaunganisha maji na umeme, unalala.

Inamfaa anayehama mara kwa mara, mwenye vitu vichache, na trela yenye nafasi kubwa ya uzito iliyobaki. Haimfai aliyekaa miaka mitano bila kusogea, hata kama nyumba yake ni nadhifu.

Njia ya pili: kushusha vitu na kuvipanga sakafuni

*Uzito na mlingano.* Jumla ya kilo haipungui hata moja. Kinachobadilika ni kimo na mahali, na mabadiliko hayo ni makubwa. Maboksi mazito yakipangwa juu ya ekseli, au mbele yake kidogo, yanaweza kurekebisha nyumba iliyolemea nyuma. Ndiyo njia pekee kati ya tatu inayokupa mzigo wa kuchezea: ukikuta mkono una uzito mdogo, sogeza maboksi ya vitabu mbele nusu mita, urudi mizanini. Mimi naipenda kwa sababu hiyo zaidi ya nyingine zote. Lakini usirundike yote mbele ukidhani ni usalama, kwa kuwa mkono ukizidiwa, gari linalovuta huinama nyuma na magurudumu yake ya mbele hupoteza mshiko.

*Kuvunjika.* Vyombo hulindwa na boksi, wala si kabati. Sahani zisafiri zimesimama kwa ukingo, kama vitabu rafuni, kila moja na karatasi yake, na vivyo hivyo vioo na picha zenye fremu. Ndani ya boksi pasiwe na nafasi tupu, na mkusanyiko wa maboksi usiwe huru: yawekwe juu ya mkeka wa mpira usioteleza, yasizidi kimo cha kiuno, yazungushiwe mkanda uliofungwa kwenye nguzo za ukuta, wala si kwenye ubao mwembamba uliozifunika. Boksi moja lililoachwa peke yake katikati ya sakafu litafika mlangoni kabla yako. Godoro likisimamishwa kati ya maboksi na makabati hufanya kazi nzuri.

*Kazi na muda.* Hesabu siku moja au mbili, na nyingine ya kufungua. Nyumba ni ndogo, na ukishafika nusu ya kazi hakuna mahali pa kukanyaga. Anzia ncha ya mbali na mlango, umalizie karibu nao. Lipo jambo lisilosemwa sana: sakafu ikijaa, huwezi kuingia kukagua njiani. Acha ujia hata wa upana wa miguu miwili hadi kwenye mtungi wa gesi na chochote unachotaka kukitazama.

*Gharama.* Ndogo kuliko zote: maboksi, karatasi, mikanda michache. Mafuta ni yaleyale ya njia ya kwanza.

*Ukifika.* Usiku wa kwanza ni wa shida kidogo, kitanda kikiwa nyuma ya maboksi. Boksi moja la taa, shuka, sufuria na vifaa vya kuunganishia maji liwe la mwisho kuingia.

Inamfaa anayehama mara moja kwa miaka kadhaa, mwenye trela inayobeba uzito wote lakini yenye makabati ya kawaida, na yeyote ambaye mizani imemwambia mlingano wake una kasoro.

Njia ya tatu: kutoa vyote

*Uzito na mlingano.* Trela nyepesi hupanda mlima kwa urahisi, husimama mapema na haichoshi tairi. Kwa nyumba iliyopita kiwango cha kibati, hii haiko kwenye orodha ya kuchaguliwa. Ndiyo halali pekee, pamoja na kupunguza mali. Ila kuna mtego. Kama jikoni na maktaba yako vilikuwa mbele ya ekseli, kuvitoa kunapunguza uzito mkononi, na nyumba iliyokuwa imetulia inaweza kuanza kuyumba ikiwa tupu. Pima tena baada ya kutoa, usitegemee namba za zamani. Pia springi zilizopangwa kwa mzigo kamili hudunda zaidi mzigo ukipungua, kwa hiyo barabara mbovu bado inatikisa kilichobaki.

*Kuvunjika.* Vitu vidogo viko salama kadiri ya upakiaji wa gari la pili. Nyumba yenyewe bado ina milango ya makabati, jiko, friji na vioo vya madirisha, na vyote vinabanwa kama kawaida. Watu husahau hili, huona nyumba tupu na kudhani kazi imekwisha. Vitu hushikwa mara nne: ndani kwenda nje, nje kwenda garini, kisha kinyume chake. Kila mkono ni nafasi ya kuangusha.

*Kazi na muda.* Ndiyo yenye jasho kuliko zote, ila inataka watu zaidi kuliko ujuzi, na marafiki watatu huimaliza haraka. Na ukikosa ufundi wa kusoma mlingano wa mzigo, nyumba tupu inasamehe zaidi.

*Gharama.* Gari la pili, dereva wake na mafuta yake. Safari ikiwa ndefu, hapo ndipo njia hii huuma. Ikiwa ni kilomita chache, gari dogo linaweza kwenda na kurudi na tofauti isionekane.

*Ukifika.* Unakuta nyumba safi, tupu, rahisi kukagua. Hili ni jema kuliko linavyosikika: unaweza kuangalia pembe, viungo vya bomba la moshi na dalili za kuvuja bila kuhamisha kitu. Lakini magari mawili yakipishana saa, unaweza kulala sakafuni ukisubiri mito.

Inamfaa mwenye trela iliyofikia ukomo, anayepita milima au barabara ya vumbi na mawe, anayemkabidhi mtu mwingine kuvuta, na mwenye vitu visivyofidika kwa pesa.

Kwa hali yako

Kama hujui nyumba yako ina kilo ngapi, usichague bado. Ipeleke mizani iliyo karibu, au mwite mtu mwenye mizani za kubebeka zinazowekwa chini ya kila gurudumu. Hizi zina faida ya kuonyesha pia upande upi, kushoto au kulia, umelemewa.

Kama uzito uko zaidi ya kibati, toa. Huhitaji kutoa vyote. Vitabu, zana, akiba ya vyakula na betri za asidi, ambazo moja ya saa-ampea 100 (kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi) hukaribia kilo 30, mara nyingi ndivyo vyenye kilo unazozitafuta. Nguo na mito viache vifanye kazi ya kujazia.

Kama uzito uko ndani ya kiwango lakini mkono una pungufu au ziada, shusha upange sakafuni, kwa sababu hapo ndipo una cha kusogeza.

Kama namba zote ziko sawa na unahama kila msimu, wekeza kwenye makomeo na ukingo wa rafu, uache vitu mahali pake.

Kama namba ziko sawa na unahama mara hii tu, tazama barabara. Lami tupu na mwendo wa saa chache: sakafuni panatosha. Milima, madaraja ya mbao au kilomita nyingi za matuta: kodi gari la pili.

Kama una watoto wadogo au mgonjwa atakayehitaji kulala humo usiku huohuo, changanya njia: sehemu ya kulala na choo ziachwe zikiwa zimebanwa tayari kutumika, jikoni pashushwe maboksini, na mazito yaende kwa gari lingine. Watu wengi ninaowafahamu huishia kwenye mchanganyiko wa namna hii hata bila kupanga.

Na kama anayevuta ni dereva wa kukodi, mpe namba za mizani kwa maandishi pamoja na kimo cha nyumba, mwambie vilivyomo na viliko, kisha mkague naye mkanda kwa mkanda kabla hajawasha injini. Piga picha za kila pembe ya ndani na nje siku hiyohiyo. Mkifika, kabla ya kuwasha jiko, fungua gesi na upake maji ya sabuni kwenye viungo. Povu likichemka, funga mtungi, fungua madirisha na umwite fundi.